Nani Mwenye Kumbukumbu za Junju?

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Malindi, ukavuka Mtwapa na kuyafikia mashamba ya mkonge ya Vipingo, utaona njia za vumbi zikikata mkono wa kushoto kuelekea bara. Huko ndiko Junju. Kuna minazi na mikorosho, mahindi yanayotegemea rehema ya mvua, shule, zahanati, na nyumba zilizotawanyika hapa na pale kama ilivyo desturi yetu Wamijikenda. Mpita njia hawezi kudhani kwamba ametia mguu mahali ambapo maisha ya wakazi wake yameandikwa kwa utaratibu kuliko maisha ya wakazi wa mitaa ya kifahari jijini Nairobi. Lakini ndivyo mambo yalivyo.

Tangu mwaka 2000, Junju imo ndani ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 891 ambalo Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, imekuwa ikiwahesabu watu wake. Hii si hesabu ile ya serikali inayokuja kila baada ya miaka kumi na kuondoka. Kwa miaka mingi wahoji wamepita nyumba kwa nyumba, takriban mara tatu kwa mwaka, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Watu zaidi ya robo milioni wameingia katika daftari hilo, na mtoto wa eneo hilo akilazwa katika hospitali ya Kilifi, ugonjwa wake huweza kuunganishwa na nyumba anayotoka. Nimepata kumsikia mama mmoja akisema, kwa mzaha uliokuwa na ukweli ndani yake, kwamba akisahau tarehe aliyozaliwa mwanawe wa nne atakwenda kuwauliza watafiti.

Msomaji asije akadhani kwamba nayasema haya kwa kulalamika. Kuna faida kubwa iliyopatikana kwa kuandika na kuhifadhi, na inafaa walimu wa sayansi waisimulie darasani badala ya kuishia kwenye vitabu vinavyotungwa mbali. Mwaka 2005 watoto 405 wa Junju, wenye umri wa mwaka mmoja hadi sita, walishirikishwa katika majaribio ya chanjo ya malaria. Chanjo ile haikufaulu. Mwaka 2007 yakaanza majaribio mengine, ya chanjo iitwayo RTS,S, huku Kilifi na kule Korogwe nchini Tanzania. Mwanzoni matokeo yalikuwa ya kutia moyo sana: visa vya malaria vilipungua kwa zaidi ya nusu. Lau kumbukumbu zingetupwa wakati huo, dunia ingebaki na furaha ya nusu habari. Lakini watoto 447 wa upande wa Kilifi waliendelea kufuatiliwa kwa miaka saba, na mwaka 2016 ikachapishwa taarifa iliyoonyesha kwamba kinga hiyo hufifia mwaka baada ya mwaka, hata ikakaribia kutoweka kwa waliochanjwa dozi tatu pekee. Ndipo umuhimu wa dozi ya nne ukazidi kuonekana. Leo chanjo hiyo, na nyingine iitwayo R21 ambayo pia ilijaribiwa Kilifi, zinatolewa kwa watoto wa nchi nyingi za Afrika. Kilichowezesha yote hayo, pamoja na damu ya watoto na subira ya wazazi wao, ni daftari lililotunzwa vyema.

Hata hivyo, mtu haandikwi hivihivi tu bila ya kuwa na maswali. Damu hasa ina mambo yake katika pwani hii. Hadithi za mumiani, wale watu wanaosemekana kuwinda wenzao ili wawanyonye damu, tumezisikia tangu utotoni, na watafiti walipoanza kutoa damu ya watoto hapakukosekana minong'ono kwamba inauzwa ama inapelekwa kwa ibada za mashetani. Watafiti wa Kilifi wenyewe, akiwamo Sassy Molyneux na wenzake, walichunguza jambo hili, na mnamo 2004 wakachapisha waliyoyakuta: wazazi wengi waliotia sahihi fomu za ridhaa hawakutofautisha barabara baina ya utafiti na matibabu ya kawaida. Yaani sahihi ilikuwapo, ufahamu haukuwa kamili. Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo la kupongezwa taasisi inapojichunguza na kuyaanika mapungufu yake. Pili, hatua zilifuata: wanavijiji wakachagua wawakilishi wao wa kuyafikisha maswali yao kwa watafiti, maelezo ya ridhaa yakawekwa kwa lugha inayoeleweka, na suala la kushirikisha wanasayansi wa nchi nyingine katika data za watu wa huku likajadiliwa na wanavijiji, si na maprofesa pekee.

Kuna utaratibu ambao mshiriki wa utafiti wa Junju anapaswa kuelezwa kabla hajatoa lolote. Huambiwa ni nini kinachotakwa kwake na kwa sababu gani, nani atakiona, kitahifadhiwa vipi, jina likitenganishwa na nambari, na kwamba anaweza kukataa, au kukubali leo na kujiondoa kesho, pasipo kunyimwa matibabu. Haya ni mambo manne tu, lakini nakuomba uyakumbuke, maana sasa tunatoka zahanatini na kuelekea madukani.

Mwaka jana nilikwenda kuchapisha karatasi za kiinua mgongo katika duka moja la saibu kando ya barabara kuu. Sitalitaja, kwa kuwa sina hakika kama ni baya kuliko mengine. Walimu wenzangu wanayajua maduka haya. Hapo ndipo tunapojaza taarifa za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, ndipo wanafunzi wanapoombea mikopo ya chuo kikuu, ndipo vyeti vya kuzaliwa na vya mwenendo mwema vinapotafutwa kupitia mtandao wa serikali. Kijana wa zamu aliniamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti mbele ya tarakilishi na kwenda kumhudumia mteja mwingine. Nilipoutazama uso wa tarakilishi ile nilishtuka. Ulikuwa umejaa nyaraka za watu: vitambulisho vya mbele na nyuma, vyeti vya mtihani wa kidato cha nne, hati za mishahara za walimu, barua ya talaka, majibu ya maabara ya mtu ninayemfahamu kwa jina na kwa sura. Kando ya kibodi palikuwa na daftari la kurasa mia mbili lililoandikwa kwa mkono safi majina ya wateja, anwani zao za barua pepe na maneno yao ya siri.

Nilimuuliza kijana, pasipo ukali, kwa nini anaandika maneno ya siri ya watu. Akanijibu kwa unyofu ulionifunga kinywa: "Mwalimu, wao wenyewe ndio wanaoniomba. Wakirudi mwaka ujao huwa wamesahau."

Kijana yule si mwizi. Kwa hakika alikuwa ndiye mtunza nyaraka wa lokesheni nzima, tena bila ya mshahara wa kazi hiyo, bila ya mafunzo, na bila ya kufuli mlangoni mwa kabati. Tumemkabidhi amana ambayo hatujui kama tumeikabidhi. Mzazi yuleyule aliyemuuliza mtafiti maswali matano kabla ya kuruhusu matone mawili ya damu ya mwanawe, humwachia mhudumu wa saibu kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya kodi na ufunguo wa mikopo yote ya familia, kisha akalipa shilingi hamsini na kwenda zake. Nani alimweleza yale mambo manne? Hakuna.

Waama, sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na mwaka uliofuata Bi Immaculate Kassait akawa Kamishna wa kwanza wa data nchini. Chini ya sheria hiyo unaweza kumuuliza yeyote anayehifadhi habari zako anazo zipi, ukamtaka arekebishe zilizokosewa, na wakati mwingine azifute. Habari za mtoto hazifai kushughulikiwa bila ya idhini ya mzazi au mlezi wake. Na si sheria ya kupamba makabati. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza Shule ya Roma ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo pasipo idhini ya wazazi wao. Wakati huohuo kampuni moja ya mikopo ya simu, Mulla Pride, ikatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu iliyozipata kwa wengine ili kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Hebu tusimame kwenye faini hizi mbili, kwa kuwa zinatugusa moja kwa moja. Ile ya kwanza ni onyo kwetu walimu. Ni shule ngapi za Kilifi ambazo siku ya kutangazwa matokeo huweka mtandaoni picha ya mwanafunzi, jina lake kamili, alama zake na kijiji chake? Tunafanya hivyo kwa fahari, na fahari si dhambi. Lakini mtoto aliyepata alama D naye huwekwa katika orodha ileile inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na orodha hiyo itakuwapo atakapokuwa na umri wa miaka arubaini akitafuta kazi. Zamani orodha ya matokeo ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, mvua ikanyesha, ikachanika. Mvua ilikuwa ikitusamehe mengi.

Ile faini ya pili yahusu deni. Wengi wetu tumepata kupigiwa simu na mtu tusiyemjua akituambia tumshurutishe fulani alipe mkopo wake. Huyo fulani alipopakua programu ya mikopo aliulizwa kama anaruhusu isome orodha ya nambari zilizo katika simu yake. Alikuwa na shida, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, akabofya "kubali". Ridhaa inayotolewa na mtu aliyebanwa na shida ni ridhaa ya namna gani? Aidha, mimi niliyepigiwa sikuulizwa lolote. Faragha yangu ilitolewa rehani na jirani yangu. Hapa ndipo watu wasemao "mimi sina la kuficha" wanapokosea: hata kama wewe huna, simu yako imebeba ya wengine.

Suala la kuwaandika watu si geni katika nchi hii, na wanafunzi wa historia watakumbuka kipande. Sheria yake ilipitishwa na wakoloni mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimika kuibeba karatasi yenye alama za vidole vyake na historia ya ajira yake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo atakalo. Aliyeandikwa hakuwa na ruhusa ya kusahihisha hata herufi. Alibeba mwenyewe ushahidi dhidi yake. Tangu hapo Mkenya ana kila sababu ya kuuliza anapoambiwa "njoo uandikishwe". Mwaka 2019 mamilioni walipanga foleni kwa ajili ya Huduma Namba. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanywa kwa vinasaba na kwa alama za mahali mtu anapoishi, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Kisha, katikati ya 2023, umati ukafurika katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho zipigwe picha na kampuni ya Worldcoin kwa malipo yaliyokadiriwa kuwa kama shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili ya watu zifutwe. Neno la siri likiibwa utalibadili jioni. Mboni ya jicho utaibadili wapi?

Basi mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba shauri langu ni kuficha kila kitu na kutoandika lolote. La hasha. Kuna hasara nyingine, iliyo kinyume chake, nayo hainyamaziki.

Mwaka 2016 nilimrekodi mama yangu mzazi kwa simu. Tuliketi chini ya mwembe alasiri tatu mfululizo. Alinitajia majina ya wazee wake hadi kizazi cha saba, akaeleza jinsi alivyosimuliwa safari ya Wamijikenda kutoka Singwaya, akaimba nyimbo za kutwangia ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine, na katikati akanikemea kwa kutoandika vizuri jina la nyanya yake. Akafariki miaka miwili baadaye. Mwaka 2019 simu ile ikaniponyoka mfukoni katika matatu baina ya Vipingo na Kilifi. Sikuwa na nakala. Sikuwa pia nimeifunga simu kwa neno la siri, kwa kuwa niliona ni usumbufu. Kwa siku moja nikapoteza sauti ya mama, na mtu nisiyemjua akapata picha za wajukuu wangu, ujumbe wangu wote, na picha ya hati ya shamba niliyoipiga "ili isipotee". Hadi leo yeye anazo na mimi sina.

Nimetafakari sana kuhusu jambo hilo. Nilizoea kuziona kuhifadhi na kuficha kama kazi mbili tofauti, ya kwanza ya wasomi na ya pili ya watu wenye hofu. Sasa naona kwamba ni mlango mmoja wenye pande mbili. Mtu asiyejua alicho nacho na kilipo hawezi kukilinda wala kukirithisha.

Wamijikenda tunao mfano wetu wa haya, tena unaostahili kufundishwa. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima ya wazee waliofariki, na wezi wengi waliziiba na kuziuza ng'ambo. Nyingi zimekaa katika majumba ya makumbusho ya Marekani bila ya jina la kijiji wala la ukoo, na kwa hiyo ni shida hata kujua zirudishwe kwa nani. Lakini mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu baadaye vigango vile vikaibwa. Miaka mingi ikapita, mzee akafariki, ndipo mtaalamu huyo alipovitambua katika mikusanyo ya Marekani. Na kwa sababu ya picha ile, yenye mwaka, jina na mahali, mwaka 2007 familia ikarejeshewa kigango. Ni picha moja tu, iliyoandikwa maelezo yake sawasawa. Je, picha elfu tatu zilizo katika simu yako zina maelezo gani? Nambari tu. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua yule aliyesimama kando ya bibi harusi ni nani.

Vilevile picha hiyohiyo ingeweza kuwa hatari ingekuwa ya zama hizi. Simu nyingi, mtu asipozikataza, huandika ndani ya picha saa na mahali hasa ilipopigwa. Ukiiweka hadharani picha ya kigango, au ya ng'ombe wako, au ya mtoto akiwa lango la shule, huenda umempa mgeni ramani.

Nitaeleza kwa ufupi nifanyavyo siku hizi, si kwa kuwa mimi ni mjuzi bali kwa kuwa nimekwisha kulipa ada ya ujinga. Kila Desemba, watoto wanaporudi nyumbani, huwa tunateua. Picha elfu hatuhitaji. Tunachagua kama mia, tunazipa majina yenye mwaka, mahali na watu, na zilizobaki tunazifuta. Zile mia tunaziweka katika vifaa viwili, na kimoja hukaa nyumbani kwa binti yangu huko Mariakani ili moto au mafuriko ya hapa yasivikute vyote. Kifaa cha kuhifadhia huharibika kimya kimya, kwa hiyo hufunguliwa mwaka hata mwaka na kukaguliwa. Vitu vichache mno, kama hati ya shamba na vyeti, karatasi yake halisi imo katika sanduku la bati kama alivyofanya baba, na nakala ya tarakilishi imefungwa kwa neno la siri ambalo halimo katika daftari la saibu. Neno hilo nimeliandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha, na mke wangu anajua bahasha ilipo, maana nimeona familia zikishindwa kufungua simu ya marehemu ili kupata picha ya kuweka kwenye jeneza.

Wale wanaotegemea akaunti za mtandaoni pekee wajue kwamba hizo pia si za milele. Tangu Desemba 2023 kampuni ya Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka miwili bila ya kutumiwa, pamoja na picha na barua zilizomo. Imekuwapo tangu 2013 njia ya kuieleza kampuni hiyo ni nani apewe nyaraka zako ukinyamaza kwa muda mrefu. Lakini ni wangapi wameitumia? Na simu unapoiuza au unapomrithisha mpwa wako, kufuta picha moja moja hakutoshi. Ondoa kwanza akaunti zako, kisha uirudishe simu katika hali ya kiwandani, na usisahau kadi ndogo ya kumbukumbu iliyo ubavuni.

Kuhusu kuficha jina na kubaki na nambari, nina neno moja la tahadhari kwa wanafunzi wanaopenda hesabu. Katika miaka ya 1990, huko Massachusetts nchini Marekani, kumbukumbu za hospitali za watumishi wa serikali zilitolewa kwa watafiti majina yakiwa yameondolewa. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, akaziambatanisha na orodha ya wapiga kura, na kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta akazipata za gavana mwenyewe, William Weld. Ikiwa gavana wa jimbo la mamilioni alipatikana, sembuse mtu wa Junju? Huku hatuhitaji tarehe. Sema tu "mjane mwenye mapacha, anayeuza mnazi karibu na zahanati", na baraza zima litageuka kumtazama. Kijijini kila sifa ni jina. Ndiyo maana walimu wanaoandika ripoti za wanafunzi, na wanafunzi wanaofanya utafiti wa fasihi simulizi au wa jiografia nyumbani kwao, wanapaswa kujihadhari kuliko watafiti wa mijini. Aidha, warudi kwa aliyewasimulia wakamsomee walichokiandika. Mzee anayekupa hadithi ya ukoo ana haki ya kusema, "Hili liandike, lile liache."

Nilirejea kwenye duka lile la saibu mwezi uliopita. Nilimwomba kijana afute nyaraka zangu nilizoziacha kwenye tarakilishi yake. Akazifuta mbele yangu, kwa adabu. Nikamwomba aende pia kwenye kile kikapu cha taka kilichomo ndani ya tarakilishi, akimwage. Alikifungua, akakaa kimya kidogo, kwani humo mlikuwa na nyaraka za tangu mwaka 2021.

"Nimwage zote, Mwalimu?" akauliza. "Wengine hurudi kuziulizia."

Nilishindwa kumjibu upesi. Tulivuta viti viwili, tukaanza kuwapigia simu wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa nambari zilizokuwa katika daftari lake. Kufikia magharibi tulikuwa tumewapata kumi na wanane. Mwanamke mmoja wa Junju alisema anakuja mara moja, tusiguse kitu, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kiliungua pamoja na nyumba na hakujua kwamba nakala ingali ipo.